Matanga ya Amissi Tanganyika

Habari ya kifo cha Amissi Tanganyika ilinikuta namenya mihogo, mzima wa afya, na Amissi Tanganyika ni mimi.

Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati. Lile jitu lililochorwa nyuma ya vitabu, na kofia ya kapteni na kiko mdomoni, ambalo vijana wa pakingi ya mabasi ya Rumonge wanaliita Mukubwa, halikuzaliwa na mwanamke yeyote. Nililitunga mimi, Kulthumu binti Fahadi, mjane, mkazi wa Birimba, mkamuaji wa mawese, mama wa binti mmoja aliyeolewa Uvira. Jina langu nalitaja lote kwa sababu hapa mtaani hakuna anayelitumia. Tangu nilipojifungua mimi ni Mama Yasmini, kwa mkubwa na kwa mdogo, na wale walioniita Kulthumu wengi wametangulia mbele ya haki.

Jean-Pierre ndiye mwenye mashine ya kuchapa huko Bujumbura. Nilipompelekea hadithi yangu ya kwanza ya Komisa Lameki, polisi wa ziwani anayekamata magendo kati ya Rumonge na Kalemie, aliisoma palepale, mimi nimesimama, akasahau kunipa kiti. Alipomaliza akajifuta jasho.

"Maman, hii kitabu iko mutamu sana," alisema. "Lakini nani atanunua komisa na bunduki yenye kuandikwa na mama wa mawese?"

Akakipa kitabu changu baba. Ndivyo alivyopatikana Amissi Tanganyika, na baada yake wakafuata wenzake, kama ndugu waliosikia kwa fulani kuna pilau. Hadithi za mapenzi akaziandika Bi Sabrina. Hadithi za majini akaziandika Fahadi wa Uvira, na hilo angalau nililichukua kwa marehemu baba yangu. Waliporudi ndugu zetu kutoka ukimbizini Tanzania, Wakristo wanaopenda kusoma, Jean-Pierre akataka vitabu vya maadili, nikawa Sista Agnesi. Mimi, niliyekula viboko vya chuo cha Kurani, nikawa mtawa, na maneno yangu yananukuliwa mpaka leo kwenye harusi za parokia. Halafu akaja Daktari Pontiani, mwenye ushauri kwa ndoa zilizochacha.

Vitabu vyenyewe ni vidogo, vya karatasi laini, vinaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Vinauzwa pakingi, vinauzwa bandarini, vinavuka ziwa na kurudi vimechakaa vikinuka ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kwenye foleni za mafuta, madereva wanaosubiri petroli isiyokuja wanalala wamejifunika uso na Amissi. Nimepita mara nyingi katikati ya foleni hizo na bidoni yangu ya mawese kichwani, na hakuna aliyenyanyua macho.

Na kazi hiyo sikuifanyia mezani. Niliifanyia Kigwena, kwa Hadjara, binti wa mama yangu mdogo, ambako wanawake tunachemsha machikichi kwenye mapipa kabla ya kuyapeleka kukamuliwa. Pipa halina haraka. Ukishawasha moto utakaa hapo mpaka yaive, na watu wanaokaa lazima wasimuliwe kitu. Kila sura ya kila kitabu niliisimulia pale kwanza, ndipo nikaenda nyumbani kuiandika. Nilikuwa siangalii nyuso zao, naangalia moto. Sura ikiwa nzuri moto unafifia, maana hakuna anayekumbuka kuongeza kuni. Mtu akiinuka kutafuta kuni katikati ya mauaji, sura hiyo naitupa. Mmoja wao, Eliana, aliyekulia Tanzania na ambaye Kiswahili chake ni cha shuleni, alikuwa ananisahihisha, na tuligombana mpaka machikichi yakaungua. Wale wanawake wanavijua vitabu vyangu kwa ghaibu. Hawakunitangaza kwa sababu niliwaomba, na niliwaomba kwa sababu Jean-Pierre aliniambia siku nitakayojulikana ndiyo siku vitabu vitadoda.

Mwaka jana nikamaliza kitabu cha mwisho cha Komisa Lameki. Humo anarudi kwao Gitaza, mzee, amevua magwanda, na anamkuta aliyemuua kaka yake akianika ndagala kando ya barabara. Wanawake waliposikia mwisho wake, moto wa pipa ulizimika kabisa. Nikakipeleka Bujumbura kwa mkono wangu, nikamwambia Jean-Pierre kwamba hiki kitatoka kwa jina langu. Kulthumu Fahadi, juu ya jalada, herufi kubwa. Umri unakwenda, na nina wajukuu wanaojua kusoma.

"Hakuna shida, maman," alisema, akanisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Basi niliomba jina langu, naye akaona rahisi zaidi kuniua.

Habari yenyewe ilikuja kwenye WhatsApp, sauti ya huzuni na filimbi nyuma yake. Mwandishi mashuhuri, mtoto wa Rumonge, Amissi Tanganyika, amefariki Kalemie baada ya kuugua kwa muda mfupi, na amekwisha kuzikwa hukohuko. Ameacha kitabu kimoja ambacho hakijachapwa. Ameacha pia mrithi wa kalamu yake, kijana Bienfait, atakayeendeleza kazi kwa jina lilelile. Kisu cha mihogo kilinitoka mkononi. Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mahali pazuri pa kumzikia mtu asiye na mwili.

Nikampigia. "Jean-Pierre, nimekufa na ugonjwa gani?"

"Maman, usikasirike. Ni mambo ya kazi tu. Amissi alishachoka. Weye uko na majina ingine mingi. Sabrina iko muzima, Sista Agnesi iko muzima."

"Na kitabu changu?"

"Kitabu ya Komisa Lameki ni ya Amissi, kila mutu anajua. Na Bienfait ni mutoto ya dada yangu, amesoma." Kisha akaongeza, "Ukisema ni weye, maman, nani atakuamini? Utaonyesha nini?"

Na kweli, ningeonyesha nini? Karatasi nilizoziandika kwa mkono alikuwa anazichoma kila kitabu kinapotoka, eti analinda siri yangu. Nikakata simu. Wanasema hasira ni hasara. Wanaosema hivyo hawajawahi kuzikwa na mtu wanayemjua.

Lakini Jean-Pierre ni mtu wa Bujumbura, na alifanya kosa la mtu wa Bujumbura. Alidhani mtu akishatangazwa amekufa, basi yamekwisha. Rumonge mtu hafi kwa WhatsApp. Anahitaji turubai, viti, Fanta, watu wa kulia na watu wa kuangalia nani hakuja kulia. Hajji Ibrahim, mzee anayeuza vitabu pale pakingi na aliyevisoma vyangu kuliko nilivyovisoma mimi, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akauliza inakuwaje mtoto wa Rumonge azikwe ng'ambo na huku kwao hakuna hata mkeka uliotandikwa. Watu wakaona aibu. Matanga yakawekwa.

Nikaenda kukaa, maana ningeonekana vipi nisipokwenda, na nikayasikia ya kusikia. Mwanamke mmoja wa Kanyenkoko alisema nusura Amissi amuoe. Fundi baiskeli mmoja aliapa kwamba alikula naye samaki, mikeke ya kuchoma, huko Kalemie, na kwamba marehemu alipenda sana pilipili. Mimi pilipili inanichoma tumbo. Waislamu walimsomea Yasini, Wakristo wakamwombea kanisani, na mimi nimekaa mkekani katikati ya wanawake, macho makavu, naambiwa na huyu na yule, "Mama Yasmini, weye haukumujuaka, ndiyo maana haulie." Kisha kamati ikaja nyumbani kwangu kuomba bidoni ya mawese ya kupikia. Nikawapa. Ningefanyaje, ninyime mafuta matanga yangu mwenyewe?

Ilipokaribia siku ya kuondoa matanga, ile ambayo watu wa ofisi wanaiita levée, habari ikaja kwamba Jean-Pierre mwenyewe atakuja, pamoja na mrithi, pamoja na jalada la kitabu kipya limeshachapwa. Alikuwa amesikia kwamba watu ni wengi, na kwake watu wengi ni wanunuzi wengi. Nikashuka Kigwena nikawaambia wenzangu kwamba huko mimi siendi, nitamrukia koo mbele za watu.

Hadjara hakuacha kukoroga pipa lake. "Kilio huanza mfiwa," alisema. "Usipokwenda weye, batu batalia na nani? Na unasahau kitu Hajji anaulizaka siku ya mwisho."

Hasira ilikuwa imenifunika, sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa shughuli, na safari hii ni Hajji, anamsimamisha mrithi mbele ya watu na kumuuliza kama anakubali kushika nafasi ya marehemu pamoja na mzigo wake. Akikubali, watu wanaulizwa nani anamdai marehemu. Anayedai anasimama, anataja deni lake, na hapohapo anaulizwa kama anasamehe. Akisamehe, marehemu amepumzika. Asiposamehe, deni limehamia kwa mrithi, na mrithi atalilipa au atakiacha kiti. Lakini karibu kila mtu husamehe. Kumkatalia maiti msamaha hadharani ni jambo ambalo watu watalisimulia mpaka wewe mwenyewe ufe.

"Twende sote," alisema Eliana. "Siku hiyo hatuwashi moto."

Matanga yaliondolewa kwenye hangari la zamani la mizigo, lile ambalo maji ya ziwa, yanayozidi kupanda, hayajalifikia bado. Jean-Pierre alikuja na gari, na siku hizi mtu akija na gari kutoka Bujumbura watu hawamtazami yeye, wanajiuliza petroli ameipata wapi. Alivaa suti. Alipita akiwapa watu mikono, akafika kwangu.

"Amahoro, maman Yasmini. Murakoze kuja."

Alinishukuru kwa kuja kwenye matanga yangu. Wala jicho halikumpepesa. Nikaubana mkono wangu kwapani ili usifanye jambo.

Bienfait alikuwa kijana mwembamba wa miwani, na nilitaka sana kumchukia. Lakini alikaa amekumbatia bahasha yenye karatasi zangu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshikie, na macho yake yalikuwa mekundu. Kumbe naye alikuwa anamlilia Amissi. Mjomba wake hakumwambia kitu.

Hotuba zilipokwisha, Hajji Ibrahim akamsimamisha.

"Bienfait, mutoto yetu. Unakubali kushika kiti ya Amissi?"

"Nakubali."

"Na kazi yake, na jina yake, na madeni yake?"

Kijana alimtazama mjomba wake. Jean-Pierre alitabasamu, alidhani ni maneno ya kupamba shughuli. "Jibu tu," alimwambia.

"Nakubali vyote," alisema Bienfait.

Hajji akawageukia watu. "Basi. Mwenye kumudai marehemu asimame leo, asiseme kesho."

Yule fundi baiskeli alisimama akasema kwamba Amissi alikunywa Fanta yake Kalemie akaondoka bila kulipa, lakini yeye amemsamehe. Watu wakampigia makofi. Akakaa, amefurahi. Mimi nikasimama.

"Mimi namdai," nilisema.

"Mama Yasmini," alisema Hajji kwa upole, "unamudai mawese?"

"Sidai mawese wala pesa. Namdai Komisa Lameki. Namdai kila kitabu chenye jina lake, maana hakuandika hata kimoja, niliviandika mimi. Huyu Amissi mnayemlilia ni mimi. Nimekaa nanyi mkekani tangu siku ya kwanza, na mafuta mliyopikia ni yangu."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na hangari lote likacheka, siyo kwa ubaya, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kofi lina nafuu. Mama mmoja alinivuta kanga nikae. Jean-Pierre akainuka na mikono wazi.

"Tumuhurumie maman," alisema. "Mwandishi mukubwa akifa, watu kama hawa hawakosekani. Bienfait, basomee kidogo. Basikie sauti ya marehemu mwenyewe, kitabu ambayo hakuna mutu ameshasoma."

Bienfait akafungua bahasha. Akasafisha koo. Alisoma vizuri, lazima niseme hivyo.

"'Komisa Lameki alirudi Gitaza siku ambayo ndagala hazikukauka.'"

"'Mvua ilikataa kunyesha na jua lilikataa kuwaka,'" ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Eliana, amekaa na wenzake wa Kigwena, mikono mapajani, anaangalia mbele.

Bienfait akainama kwenye karatasi. Akainuka kumtazama. Mstari ulikuwa huohuo. Akajaribu unaofuata, polepole, kama mtu anayepima maji kwa mguu.

"'Wanawake wa barabarani walimtazama...'"

"'...kama wanavyomtazama mutu wa ushuru,'" alimalizia Hadjara, "'mpaka mmoja wao akaujua mwendo wake.'"

"Hapo tuligombana," Eliana alimwambia jirani yake. "Mimi nilitaka aijue sauti."

Bienfait hakusoma tena. Alishika karatasi akifuata kwa kidole, na wanawake wa Kigwena wakaendelea, huyu akichoka anapokea yule, na wengine wakisema kwa pamoja. Walimtoa Komisa kwenye basi, wakampitisha mbele ya vichanja vya ndagala, wakamkalisha kwa mjane wa kaka yake. Mtu asiyetaka kusikia angeweza kutoka. Hakutoka mtu. Waliokuwa wanagawa Fanta walisimama na chupa zao hazijafunguliwa, na upande wa wanaume, ambako kulikuwa na mabishano juu ya mpira tangu asubuhi, kulikuwa kimya. Nikaangalia chini, kama ninavyoangalia moto. Walipofika pale Komisa anapomwona yule muuaji akigeuza ndagala juani, nikanyanyua mkono.

"Inatosha," nilisema. "Mwisho wake mtausoma."

Hangari likaguna. Niliipenda ile sauti kuliko makofi yote ya fundi baiskeli.

Hajji Ibrahim alimgeukia Hadjara. "Mama, mulisikia wapi hii?"

"Kwenye mapipa, Hajji. Zote tulisikiyaka kwenye mapipa, mbele ya kuchapwa. Hata za Sista Agnesi."

Kwenye safu ya watu wa parokia mama mmoja akaweka kiganja mdomoni. Hajji akanigeukia. Nilitegemea aone aibu, nikaona hasira, tena ya kwake mwenyewe, hakuiazima kwangu.

"Mi nililia huyu mutu," alisema.

"Nilikuona, Hajji."

"Nililia kweli." Akamgeukia Jean-Pierre, akamwacha, akarudi kwangu. Sauti yake ikawa ile ya shughuli. "Deni iko. Mashahidi wako. Mama Yasmini, unamusamehe?"

Hangari lote likanigeukia. Ninawajua watu wangu. Walishaniamini, na sasa walitaka niseme neno moja la kiungwana, wote tupumzike, chakula kiletwe. Mama mmoja nyuma yangu alininong'oneza, "Samehe, dada, maiti anateseka." Ningemuuliza maiti yupi. Jean-Pierre naye alikuwa ameshanifikia, ananukia manukato, ameinamisha kichwa kama mtoto wangu.

"Sema umesamehe, maman," alisema chini chini. "Jina yako nitaitia. Ndani, ukurasa ya mwanzo, kwa herufi ndogo. Nakuapia."

Herufi ndogo. Nilikumbuka foleni za mafuta. Nilimkumbuka marehemu mume wangu, aliyefariki akiamini mkewe anaandika mahesabu ya mawese. Nikakumbuka jinsi mtu huyu alivyonisindikiza mpaka mlangoni, ananichekea, na kifo changu anacho mfukoni. Nilikuwa na uchungu mpaka kwenye meno.

"Sijasamehe," nilisema.

Watu walishtuka. Hajji aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei na akaiona ni ya haki.

"Bienfait," alisema, "deni imekuja kwako. Dawa ya deni kulipa. Unalipa, ao unaacha kiti?"

"Hakuna kulipa," alisema Jean-Pierre. "Haya ni mambo ya kienyeji tu. Bienfait, kaa."

Bienfait hakukaa. Alikuwa amevua miwani. "Mjomba," alisema, "uliniambia alikufa anataja jina yangu."

Kijana akapita katikati ya viti mpaka nilipokuwa, akanipa bahasha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama tunavyompa mtu tunayemheshimu.

"Naacha kiti, mama," alisema. "Haina murithi. Mwenyewe iko muzima."

"Na nani atakichapa?" Jean-Pierre alipaza sauti sasa, suti na upole vyote vimemvuka. "Mashine ni yangu. Bila mimi munge..."

"Mashine iko Uvira," alisema Hajji, "iko Kigoma, iko hata huko Kalemie kwenye ulimuzikia. Aandike na makaa kwenye ukuta, mi nitauza ukuta. Ya kwako, pale kwa meza yangu, yamekwisha."

Baada ya hapo shughuli ilikwama. Matanga huondolewa kwa watu kupanga mstari, wakapita mbele ya mfiwa, wakampa mkono na kumwambia pole, ndipo wanakula. Sasa hakuna aliyejua apange wapi. Kiti cha mfiwa kilikuwa kile alichokalia Jean-Pierre, chenye kitambaa cheupe. Hajji alikwenda akakichukua mwenyewe, akakibeba mpaka kwangu, akanikalisha. Mzee wa watu, tumekaa mtaa mmoja tangu tukiwa vijana.

"Jina yako ni nani?" aliniuliza.

"Kulthumu."

"Pole, Kulthumu."

"Nimeshapoa, Hajji," nilimjibu, kama inavyojibiwa.

Wakaja mmoja mmoja. Hadjara alipita kama mgeni, akanibana kidole. Fundi baiskeli alisema, "Pole, Kulthumu," macho chini, akaongeza kwamba labda ile mikeke aliila na mtu mwingine. Yule mwanamke wa Kanyenkoko alinitazama juu mpaka chini, akapumua, akasema pole yake kama mtu aliyefiwa kwa mara ya pili. Kila mmoja alilitaja jina. Wengine walilitaja kwa kujaribu, maana hawajawahi kuliweka mdomoni. Nilikuwa sijalia siku zote za matanga, na pale nikalia, nikalia kwa sauti, na wanawake wa Kigwena wakapokea kilio, na hangari lote likaingia. Nilijililia mwenyewe na sikuona haya.

Hangari lile lina mlango mmoja, na mstari ulipita mbele ya kiti changu kwenda mlangoni. Jean-Pierre alisubiri upungue, haukupungua, akaingia kama wengine. Alifika. Akanyoosha mkono.

"Pole, maman Yasmini."

Nikautazama ule mkono nikauacha hapohapo ulipo. Nyuma yake mstari ulisimama. Watu walikuwa na njaa, na pilau ilikuwa inanukia, lakini hakuna aliyemsukuma. Walimsubiri. Alimtazama Hajji, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Pole, Kulthumu," alisema.

"Sijapoa," nikamjibu.